Aliyefungua Mashine

Musoma, Jumanne 7 Oktoba 1997

Wale wadudu wadogo wa ziwani wameingia leo asubuhi kama moshi, kutoka upande wa soko la Mwigobero. Tulichelewa kufunga madirisha. Wamejaa kwenye chai, kwenye mafaili, na zaidi nyuma ya kompyuta, pale feni inapovutia hewa. Feni ikaanza kukwaruza.

Nikamwita Alfonce, dereva wetu ambaye pia ndiye fundi wa kila kitu hapa kwenye mradi wa visima, nikamwambia afungue boksi la kompyuta alisafishe. Akainama akasoma stika ya duka la Mwanza.

"Dada Dafroza, hapa wameandika asifungue mtu. Mhandisi ameruhusu?"

"Mhandisi yuko Tarime. Fungua. Ikiungua hii hapa kazi yote ya visima itapotea."

Akafungua. Alisafisha kwa brashi ya rangi, mpya, polepole, akipuliza pembeni ili mate yasidondokee ndani. Nusu saa hivi. Akafunga skrubu zote, mashine ikawaka vizuri, haikukwaruza tena. Nimefurahi. Nikampa andazi langu.

Alhamisi 9 Oktoba

Nimeingiza visima vya Majita kwenye orodha. Joto kali. Mawingu yanakuja yanarudi.

Jumatatu 27 Oktoba

Mhandisi Leodgar, mkuu wetu, amekuja na programu mpya ya kuchora ramani za visima. Wafadhili wanataka ramani kabla ya Machi. Akaiingiza kwenye kompyuta, ikagoma. Ikaandika kwamba mashine haina mwendo wa kutosha.

Akatoa karatasi za duka. Prosesa, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote ndani ya mashine, imeandikwa 133. Akaizima mashine, akaiwasha, akanifanya nitazame maandishi meupe yanayopita mwanzoni, ambayo sijawahi kuyasoma hata siku moja. Yanasema 100.

Aliwasha na kuzima mara nne. Mia. Mia. Mia. Mia.

"Tumenunua ya mia na thelathini na tatu," akasema. "Iko wapi?"

Nikasema sijui. Akazunguka nyuma ya boksi, akaona stika imechanika.

Ijumaa 31 Oktoba

Nataka kuandika yote ya leo kama yalivyokuwa.

Tulikaa watatu, Mhandisi, Alfonce na mimi. Mhandisi alikuwa mtulivu, na alipokuwa mtulivu nilimwogopa zaidi. Alisema prosesa yetu imetolewa na kuwekwa ya mwendo mdogo, kwamba Mwanza na Nairobi siku hizi zinauzwa kama njugu, na kwamba stika imechanwa. Akauliza nani alifungua.

"Ni mimi," Alfonce akasema. "Nilisafisha wadudu."

"Nani alikutuma?"

Alfonce akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kalamu na daftari la mkutano, nikayatazama maneno niliyokuwa nimeandika. Nilikuwa nawaza meza yangu ya dagaa pale Mwigobero. Kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilipofungwa wakatupunguza wote wa ofisini, nilikaa miaka miwili kwenye ile meza, mimi niliyesoma uhazili, nikifukuza kunguru kwa kipande cha boksi. Ndicho nilichowaza, na nilikiwaza haraka sana.

Alfonce akasema, "Hakuna aliyenituma. Niliona mwenyewe feni inakwaruza."

Kisha akasema jambo moja, na akalirudia: "Ifungueni sasa hivi mbele yangu. Toeni feni, chini yake kuna hiyo prosesa, imeandikwa namba yake. Tusome."

Mhandisi akajibu, "Ili uguse tena uharibu ushahidi?"

Ikaandikwa barua ya kumwachisha kazi. Mimi ndiye niliyeichapa, kwenye mashine hiyohiyo. Mhandisi akasaini, na mimi nikasaini chini, mahali pa shahidi. Alfonce aliweka funguo za gari mezani, akaniambia, "Baki salama, Dada."

Jumapili 2 Novemba

Sikwenda kanisani. Kichwa.

Jumatano 5 Novemba

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Redio inasema ni Elinino.

Jumanne 11 Novemba

Mvua. Dereva mpya amefika, anaitwa Wanzagi, mtu wa Butiama. Anaegesha gari pale alipokuwaga anaegesha mwenzake.

Nimejiambia leo kwamba huenda kweli Alfonce aliiba. Nilitoka kidogo siku ile kwenda kuchemsha maji ya chai. Dakika tano zinatosha? Ana watoto watatu. Nikimfikiria kama mwizi naweza kula.

Jumatatu 24 Novemba

Esta, mke wa Alfonce, amekuja ofisini akiwa na mtoto mgongoni, ameloa. Alifuata koti la mvua la mumewe lililobaki stoo. Nilimpa kiti, akakataa.

"Wamemtoa kwenye uongozi wa kwaya," akasema. "Huko kwetu Mugeta habari ya ile barua ilifika kabla yake. Watoto wanaitwa shuleni watoto wa mwizi wa kompyuta. Hata hawajui kompyuta ni kitu gani. Yeye ameenda Buhemba, kwenye mashimo ya dhahabu. Anasema hawezi kukaa nyumbani akitazamwa."

"Na mvua hii?"

"Ndivyo nilivyomuuliza."

Akalikunja lile koti. Halafu akasema, "Dada, wewe ndiye unakaa na hiyo mashine kila siku. Aliiba?"

Nikamjibu, "Mimi si fundi, shemeji."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayeshukuru, akatoka. Nilisikia kandambili zake zikipiga maji mpaka barabarani. Ningeweza kumkimbilia. Niliketi.

Jumatano 3 Desemba

Barabara ya Bunda imekatika sehemu mbili. Kuna kipindupindu vijiji vya ziwani. Sasa kila mtu anataka orodha ya visima safi, na mashine inachukua robo saa kufungua orodha.

Kila asubuhi nikiiwasha nasimama kusoma ile mia. Zamani ningekuwa nafuta meza.

Jumanne 9 Desemba

Leo sokoni Mwigobero mtu ameniita nyuma yangu, "Dada Dafroza," kwa sauti ileile ya Alfonce, ya chini. Niligeuka na samaki mkononi. Kulikuwa na wapakuzi wa magunia tu, hakuna aliyekuwa ananitazama. Muuza sato akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa 19 Desemba

Nimetoa kitabu cha mashine kwenye kabati. Ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha watu waliojifunza kama mimi. Nakisoma wakati wa chakula cha mchana, kamusi pembeni. Nataka kuwa na hakika kwamba aliiba. Nikiwa na hakika nitalala.

Alhamisi 25 Desemba

Krismasi. Padri amehubiri juu ya mwenye nyumba aliyesema hakuna nafasi. Mvua.

Jumanne 30 Desemba

Ukurasa wa 22. Nimeusoma siku nne ndiyo nikauelewa, naandika nisisahau.

Mwendo wa prosesa hautoki kwenye prosesa peke yake. Ule ubao mkubwa wa ndani una mwendo wake, hamsini au sitini na sita, na prosesa huuzidisha. Ya kwetu huzidisha mara mbili. Sitini na sita na kitu, mara mbili, ni 133. Hamsini mara mbili ni 100.

Na ubao unaambiwa uende mwendo gani kwa vijipini vitatu na kikofia cheusi cha plastiki kinachofunika viwili kati yake. Ndicho wanachokiita jampa. Ukikivika upande mmoja ni hamsini, upande mwingine ni sitini na sita.

Kwa hiyo prosesa inaweza kuwa ileile tuliyoinunua, na bado isome mia. Yaweza kuwa duka lenyewe ndilo lililokivika kikofia vibaya tangu siku ya kwanza.

Yaweza kuwa. Sijafungua.

Jumatatu 5 Januari 1998

Heri ya mwaka. Mhandisi bado yuko Dar. Nimeshika bisibisi, nikairudisha.

Jumanne 13 Januari

Nimefungua.

Wanzagi alikuwa amekwenda kupeleka dawa ya maji, mlinzi alikuwa amekaa getini. Nilichomoa waya zote, nikatoa skrubu nikizipanga kwenye sahani kwa mpangilio wake. Ndani palikuwa pasafi. Miezi mitatu imepita na bado unaona mistari ya brashi mahali alipopitisha, imenyooka, hadi kwenye kona ambazo hakuna mtu angezitazama.

Feni ya prosesa imeshikwa na kibanio cha chuma. Kiliteleza kikanikata kidole. Ilipotoka, chini yake kulikuwa na mafuta meupe kama dawa ya meno. Nikayafuta na pamba. Kukatokea namba ndefu, na mwisho wake 133.

Nilikaa chini sakafuni.

Ilikuwa hapo. Siku ile alipotuomba tuitazame ilikuwa hapo, chini ya feni, umbali wa mkono kutoka nilipoketi na daftari langu. Tungetumia dakika kumi.

Baadaye nikainuka, nikatafuta vile vijipini kwa kufuata mchoro wa kitabu. Kikofia kilikuwa upande wa hamsini. Nikakihamisha kwa kibano cha nyusi. Nikarudisha mafuta kidogo, feni, skrubu zote. Nikawasha.

133.

Orodha ya visima ilifunguka kabla sijaketi vizuri. Programu ya ramani ikakubali. Kazi niliyokuwa naifanya kwa asubuhi nzima niliimaliza kwa saa moja, halafu nikawa sina la kufanya ila kukaa nayo.

Jumatano 14 Januari

Mhandisi anarudi Jumatatu. Nitamwambia akiwa peke yake. Nimepanga maneno. Atauliza nani aliniruhusu kufungua, na hapo nitalazimika kusema nani alimruhusu Alfonce. Natafuta namna ya kusema la kwanza bila la pili.

Alhamisi 15 Januari

Wanzagi kaenda Buhemba kupima visima. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, "Dada, una mzigo wa kule? Au salamu?"

Nilikuwa na karatasi mezani, nimeandika "Alfonce, mashine haikuguswa, namba iko palepale, rudi." Nikaiweka chini ya kitabu. Nikawaza, barua ikifika kabla ya Mhandisi kujua, itakuwaje. Nikamwambia hakuna.

Ijumaa 16 Januari

Mvua kubwa kuliko zote. Wanzagi amerudi, amelowa mpaka kiunoni. Anasema Alfonce aliliona gari la mradi akaja kujitambulisha, mtu aliyekonda, akaulizia kama kazini hatujambo.

Jumatatu 19 Januari

Alfonce amekufa Jumamosi.

Wanzagi ndiye aliyeniletea, kabla sijaweka mkoba chini. Duara, yaani lile shimo la wachimbaji, lilijaa maji Jumamosi asubuhi. Walikuwa wanne chini. Wawili walitoka kwa kamba. Alfonce alikuwa wa tatu, alikuwa anamsukuma wa pili juu, ndipo ukuta ukamporomokea. Wamemtoa jana, yeye na wa nne. Wanamzika Alfonce leo Mugeta, na barabara imekatika, hatuwezi kufika.

Wanzagi alizungumza kwa upole. Hajui chochote.

Mashine ilikuwa inawaka nyuma yangu. Niligeuka nikaichomoa ukutani.

Jumatano 21 Januari

Nimemwambia Mhandisi Leodgar. Nilimwambia yote. Kwamba prosesa haikuibwa, kwamba mimi ndiye niliyemtuma Alfonce kufungua. Nilimwonyesha ukurasa wa 22 na kidole changu chenye jeraha.

Alivua miwani, akajikanda macho. Nilimwona amezeeka. Nilikuwa nimemchukia miezi hii nikidhani yeye ndiye mwenye kosa, na leo nilimwona mtu aliyeogopa wafadhili kama mimi nilivyomwogopa yeye.

"Alituomba tufungue," akasema.

"Ndiyo, Mhandisi."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Nitamwombea," akasema. "Lakini barua ya kumsafisha sitaandika. Nikiandika ofisi inakiri, halafu mradi unafungwa, na vijiji vinakunywa maji ya kwenye madimbwi. Aliyekufa hatarudi, Dafroza. Kaa kimya, ufanye kazi."

Sikuona hasira kwake. Hilo ndilo baya, kwamba alisema kwa huruma, na aliyosema ndiyo niliyokuwa najiambia tangu Oktoba.

Ijumaa 23 Januari

Kazi inaisha saa nne asubuhi. Saa zinazobaki nasikia brashi. Najua ni feni. Nikiizima naendelea kuisikia.

Jumatano 28 Januari

Nimeota yuko stoo anatafuta koti lake. Nikamwambia Esta amelichukua. Akasema asante, akaendelea kutafuta.

Jumatatu 2 Februari

Nimechapa barua. Nimeandika kwa jina langu, siyo la ofisi. Nimeandika kwamba Alfonce hakuiba, kwamba prosesa ilikuwa ndani muda wote, kwamba duka lilikivika kile kikofia vibaya, kwamba mimi ndiye niliyemwambia afungue na nikanyamaza alipoulizwa, na yeye akanificha. Nikampa Mhandisi nakala, pamoja na barua ya kuacha kazi. Hakuisoma mbele yangu. Akaniuliza tu, "Utarudi Mwigobero?" Nikasema nadhani.

Jumamosi 7 Februari

Nimefika Bunda kwa Landrover ya misheni. Kutoka hapo lori, kisha miguu, viatu mkononi. Nimelala kwa katekista wa Mugeta. Nilimpa barua asome. Akairudisha akasema, "Kesho baada ya matangazo utasimama mwenyewe."

Jumapili 8 Februari, Mugeta

Naandika haya nikiwa nimerudi kwa katekista.

Kanisa ni la mabati. Nilisimama, nikataja jina langu na nilikotoka, nikaanza kusoma. Mvua ikashuka juu ya bati. Nikaona watu wa nyuma wanaweka mikono masikioni. Nikamaliza, wakawa wananitazama tu.

Mzee mmoja wa kwaya akasimama. "Hatujasikia. Soma tena."

Nikasoma tena, kwa kupaza sauti, kila neno peke yake. Nilipofika "akanificha" nililisema mara mbili. Safari hii walisikia. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha wengine. Yule mzee akasema, "Mtu huyu tulimvua joho," akaketi chini kama aliyechoka.

Esta alikuwa benchi la tatu na watoto. Hakulia. Watu walipotoka alikuja akasimama mbele yangu.

"Uliijua lini hiyo namba?"

Hilo sikuliandika kwenye barua. Nilikuwa nimejiambia kwamba halibadilishi kitu.

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne ipi?"

"Tarehe kumi na tatu."

Akanyoosha mkono, akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa." Akavitazama vile vidole vitatu. "Na gari lenu lilikuja Buhemba Alhamisi. Aliniambia. Alituma mtu kuja kuniambia amemwona dereva wa mradi."

"Ndiyo."

"Ulimpa dereva salamu?"

"Sikumpa."

Akachukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mama yake Alfonce yuko nyumbani, miguu haimbebi. Haya uliyoyasoma nitamweleza mimi. Hizo siku tatu utamweleza wewe."

Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, watoto katikati, mimi nyuma. Hakuna aliyegeuka kuangalia kama nafuata.

Mama Tereza alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya mlango, ameweka mkono kwenye mwimo. Ni mwembamba, na ana kipaji cha uso cha Alfonce. Kaburi linaonekana kutoka pale alipokaa, udongo bado mwekundu, wamelifunika matawi ili mvua isilichimbe. Esta alizungumza naye kwa lugha yao, muda mrefu. Yule mama alisikiliza akitazama nje. Esta alipofika mwisho, yule mama akaniashiria nisogee.

Nilipiga magoti nikamweleza kwa Kiswahili. Jumanne nilijua. Jumatano nilipanga maneno ya kujiokoa. Alhamisi gari lilikuwa linakwenda, na barua nilikuwa nimeshaiandika, nikaificha. Ijumaa nilisikia kwamba ametuulizia hali. Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua.

"Uliiandika," akasema Mama Tereza kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa ndefu?"

"Hapana, mama. Mstari mmoja."

Akafumba macho. Nilidhani ameacha kusikiliza. Mvua ilikuwa imeanza tena kwa nguvu, maji yakawa yanapita uani kuelekea bondeni, na mtoto mdogo wa Alfonce akaja akaketi kati ya miguu ya bibi yake akinitazama. Kisha yule mama akasema maneno machache kwa lugha yao, bila kufumbua macho. Esta alikwenda jikoni, akarudi na kiti kifupi, akakiweka karibu na ukuta, mahali pakavu.

"Anasema ukae mpaka mvua iishe," Esta akasema. "Halafu uende, na usirudi tena."

Nikakaa. Mvua ilinyesha mpaka jioni. Esta aliweka mbele yangu sahani ya ugali na maziwa, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Hakuna aliyeniambia neno, na hakuna aliyetoka akaniacha peke yangu.